Siku Niliyopeleka Beseni Kwenye Mkutano wa Salfa

Aibu hii nimekaa nayo miaka bila kuitaja, na hata leo mjukuu wangu Nekesa akiona beseni la bluu anaangalia pembeni, lakini wenzangu wa sokoni wanaisimulia vibaya, ati nilimpiga mkurugenzi (sikumpiga), kwa hivyo wacha niiandike mwenyewe na darasa langu la tatu.

Ilikuwa ile miaka ya amani, kabla ya kura ya kujitenga, Juba imejaa sisi watu wa Kenya na Uganda, kila mtu na biashara yake. Mimi nilikuwa na meza kwenye soko la Konyo Konyo: chumvi, sabuni, na salfa, ule unga wa manjano watu hununua kijiko kijiko, wanachanganya na mafuta wanapaka upele, wengine wanamwaga mlangoni ati nyoka asipite. Salfa naijua. Nekesa naye alikuwa amepata kazi kwa wakubwa fulani wa Nairobi waliokuja kuuza hisa, miezi mitatu ya kujaribiwa, na miezi hiyo ilikuwa inaisha Ijumaa ile ile ya mkutano. Huyo ndiye wa kwanza kwetu kuvaa blauzi nyeupe kazini! Nilimtaja hata kwa wateja ambao hawakuniuliza.

Alhamisi akapita mezani kwangu. "Kukhu," akaniambia (ndivyo sisi Wabukusu tunavyoita nyanya), "kesho tuna mkutano hotelini na watu ni wachache. Njoo ujaze kiti. Keti, kunywa soda, wakipiga makofi piga. Basi."

"Mnauza nini?"

"Hisa za salfa. Watu wengi wanachangia kitu kikubwa, kila mtu anakuwa na sehemu yake."

Nikamwambia usinifundishe hiyo, hiyo naijua kabla mama yako hajazaliwa. Kwetu Bungoma kila Krismasi nyumba kumi zinachangia ng'ombe dume, kila nyumba hisa moja, na siku ya kuchinja unaenda na beseni lako, kwanza unaonyeshwa ng'ombe akiwa hai anatembea, halafu nyama inapangwa mafungu kwenye majani ya migomba. Asiye na beseni anabeba nyama kwa sketi. Miaka mingi mimi ndiye nilikuwa nasimamia kugawa, kwa sababu sina upendeleo.

Kwa hivyo nikabeba beseni. Hilo tu, ndilo kosa lenyewe. Lakini Mama Kiden, jirani yangu wa meza, akaniuliza unaenda wapi na beseni, nikamwambia, naye akamwambia mwingine, na Ijumaa tukaingia hotelini wanawake wanane, mabeseni manane, pesa tumefunga kwenye pembe za leso. Nekesa alikuwa mlangoni na makaratasi. Alituona, akafungua mdomo, na mkurugenzi akamwita, mdomo ukabaki hivyo hivyo. Tukaketi mstari wa mbele.

Mkurugenzi akaanza. Ati salfa inatolewa kwenye mafuta machafu ya petroli, ati iko kwenye mbolea, kwenye tairi, ati hata sukari inafukizwa nayo iwe nyeupe (nilikunywa soda yangu kwa wasiwasi). Akaonyesha ukutani mstari unaopanda kama mtu anayepanda mlima. "Bei imepanda hivi, ndiyo maana huu ni wakati wa kununua." Nikachanganyikiwa kabisa, kwa sababu sokoni bei ikipanda watu wanakimbia, lakini nikapiga makofi kama nilivyoagizwa.

Halafu akatoa kwenye kisanduku cha kioo jiwe la manjano, zuri, linang'aa, ukubwa wa kichwa cha mtoto. "Hii ndiyo mali yenyewe. Pitisheni, mshike." Nikajua ndiyo ng'ombe ameletwa.

Mama Kiden akaniinamia, akaniita nyanya kwa Kiarabu chao. "Ya haboba, hii ndio yote? Sisi iko wanane!"

"Nyamaza, nitagawa."

Nikaliweka mezani, nikachukua chupa ya soda, nikaligonga mara moja tu. Sikujua ni laini vile! Likavunjika kama sukari guru, nikaanza kupanga mafungu, wanawake wanasogeza mabeseni, "lile kubwa langu," "toa mkono," na feni iliyokuwa nyuma yetu ikachukua ule unga ikamwagia mkurugenzi suti, macho, sambusa, watu wote. Kukohoa! Wengine wakakimbilia nje.

"Hiyo ni ya kuonyesha!" mkurugenzi akapiga kelele, macho amefumba. "Jumatatu naenda nayo Kampala! Nani alimleta huyu mama?"

Nikamwona Nekesa amesimama, rangi imemtoka. Miezi mitatu. Nikasema haraka, "Hakuna aliyenileta. Nilipita tu, nikasikia harufu ya sambusa."

"Na huyu msichana unamjua?" Amefumbua jicho moja, anamnyooshea Nekesa kidole.

"Simjui."

Nekesa akapita katikati ya viti, akaja akasimama kando yangu na blauzi yake, nayo imekuwa ya manjano. "Ni kukhu wangu," akasema. "Mimi ndiye nilimwalika."

Hapo ndipo nilipotamani ardhi inimeze pamoja na beseni.

Jumamosi na Jumapili sikula. Jumatatu mchana akaja sokoni, uso mkavu. "Wamenibakiza kazini."

"Kwa nini?"

"Sijui, Kukhu, mkurugenzi hakusema. Lakini kuna sharti moja. Usivuke geti la ofisi."

Mpaka leo sielewi, wala ile biashara yao sikuielewa, maana baadaye aliniambia ule mstari uliteremka mlima wote, na kijiko changu cha salfa bado kilikuwa bei ile ile. Fungu langu lilibaki ndani ya beseni. Nililisaga, nikampaka mbuzi wa Mama Kiden aliyekuwa na upele, akapona. Katika watu wote wa ule mkutano ni yeye peke yake aliyepata faida.

Tangu hapo Nekesa akisahau chakula nampelekea, nasimama ng'ambo ya barabara, geti silivuki. Askari akiniuliza mimi ni nani wake, namjibu kwa sauti mpaka ndani wasikie. Beseni naliacha nyumbani.