Magunia Mawili Shimoni

Sikusoma. Nyumba hii ya hapa Ibra, Omani, nimeijenga kwa kuziba pancha njia ya Sur, na kwa mikono hiyo hiyo nikawasomesha wanangu wawili Kanada. Mkubwa anakaa Toronto, mdogo Montreal. Idi iliyopita walikuja wote.

Shikamoo haijapoa, wakaanza: mji gani una mashabiki wakali zaidi wa magongo, mchezo ule wa juu ya barafu. Mdogo akasema Montreal timu ikifungwa watu hawali. Mkubwa akasema kwao watu wanazeeka wakingojea kombe, na uwanja haupungui mtu. Nikawaambia mie barafu naijua ya kwenye jagi. Wakacheka. Kisha mdogo akamgeukia kakake.

"Nyie mna pesa ya tiketi tu. Uchungu hamna."

Mkubwa akampa mgongo. Mgongo ule naujua.

Utotoni kwangu Unguja, ami zangu wawili walishabikia timu mbili za mpira, kila mmoja yake. Walianza kwa utani. Baadaye ikawa hawanywi kahawa baraza moja. Siku mbaya za mapinduzi zilipokuja, mmoja alikwenda kugonga kwa mwenziwe. Mlango haukufunguliwa. Aliyegonga hatukumwona tena.

Nikawaeleza haya. Mkubwa akasema, "Baba, huu ni mchezo tu."

"Na ule ulikuwa nini?"

Idi pili tukapeleka nyama ya shuwa, ile ya kuokwa ardhini, kwenye shimo la moto la mtaa. Kila nyumba gunia moja la makuti, limefungwa waya na kutiwa alama, lijulikane likifukuliwa. Tangu wadogo, letu hulibeba wao, huyu huku na huyu huku. Mara hii mdogo akatenga nyama yake, akafunga gunia lake kwa kitambaa chekundu, rangi ya timu yake. Mkubwa naye akachana cha buluu, cha timu yake, akafunga lililobaki.

Majirani wakanitazama mimi. Hapa nyumba haitoi magunia mawili ila baba akishazikwa na ndugu wakishagawana.

"Nimeshakufa?" nikauliza.

Magunia yakatoswa motoni, shimo likafunikwa kwa udongo, moshi ukawa unapenya pembeni.

Kesho yake yakafukuliwa. Nyama imeiva vizuri, siwezi kusema uwongo. Nikaimwaga yote juu ya sinia moja la wali, nikawaita wakae. Walikaa, kwa heshima yangu. Kila mmoja akala upande wake, macho chini.

Walipoinuka kunawa, wali wa katikati ulikuwa vile vile nilivyoupakua.