Mama Mkwe na Mashimo ya Matuta

Mama mkwe wangu nampenda, lakini kuna siku ananipandisha presha kweli kweli. Shamba la viazi vitamu nimelilima mimi. Marando ya kupanda nimechagua ya ncha, yale ya shinani nikayatupa, maana huko ndiko fukusi, wale wadudu wa viazi, hujificha. Nimepalilia mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Magugu nayang'oa leo, keshokutwa yamerudi kana kwamba yana hati ya shamba.

Tuta likipasuka lazima uzibe ufa kwa udongo, la sivyo fukusi wanapita hapo hapo kwenda kutaga kwenye kiazi. Na safari hii sikutaka mchezo. Mpishi mkuu wa shule alikuwa ameniambia kwamba akikuta viazi safi atanunua vya shamba zima, na msimu ujao nilime kwa ajili yake tu. Ningeachana na vibarua vya kulimia watu.

Sasa huyu bibi! Tangu ujana wake huchimba kiazi kimoja kimoja. Anapapasa chini ya tuta, anatoa kikubwa, anaacha vidogo vikue. Si vibaya, ilimradi ufukie. Nikamwambia afukie. Mume wangu naye akamwambia. Kila mara anajibu amefukia, tena ananuna siku nzima kwa kusingiziwa. Nami nikienda shambani nakuta mashimo wazi. Jamani, mtu mzima na akili zake! Nikaanza kuamini ananikomoa.

Mpishi akaja. Kiazi cha kwanza alichokata kilikuwa na vijitundu vyeusi, cha pili kilinuka, cha tatu hakujisumbua kukikata. Akafuta kisu chake, akanipa pole, akaenda zake.

Nilimfuata mama mkwe shambani nimefura kwa hasira. Alikuwa amepiga magoti, ametoka kuchimba kiazi cha mchana. Nikasimama pembeni ili nimfumanie. Akakusanya udongo kwa viganja viwili, taratibu, akaumimina, akaupigapiga vizuri mpaka ukashikana.

Aliumimina kwenye mtaro, kati ya matuta. Shimo lilikuwa wazi kando ya goti lake.

Nikakohoa. Akageukia upande ambao sikuwepo.

"Nimefukia, mwanangu," akasema. "Njoo uangalie mwenyewe, msije mkaninung'unikia tena."

Hasira yote ikaniisha. Nikachuchumaa, nikaliziba lile shimo kwa mkono wangu.

"Nimeona, mama," nikamjibu.