Jirani Yangu na Beseni la Alhamisi Kuu

Ng'ombe wa maziwa wa jirani yangu hapa Matinyani alipokufa, mama huyo hakulaumu kupe wala ukame. Alinilaumu mimi. Alizunguka kwa akina mama wa kanisa akisema nimechota udongo wa unyayo wake kama wafanyavyo wachawi wakitaka kumdhuru mtu na mali yake. Kufikia Kwaresima, watoto wangu wa shule ya Jumapili walikuwa wamepungua hadi wakatosha benchi moja. Kila mzazi niliyemuuliza, eti mtoto ana mafua.

Nilimchukia yule mama, tena sana. Sikujaliwa mtoto, na wale wa Jumapili ndio niliokuwa nao.

Waliobaki nikawafundisha maana ya Alhamisi Kuu. Niliwaambia Pasaka si chapati na nguo mpya tu. Kabla yake kuna jioni ambayo Bwana alipiga magoti akaosha miguu ya wanafunzi wake, miguu yenye vumbi kama yetu. Mjukuu wa jirani yangu, msichana mkaidi ambaye bibi yake alishindwa kumzuia kuja, akainua mkono.

"Ticha, hata Yuda alioshwa?"

"Hata Yuda."

"Na Yesu alikuwa anajua ni yeye?"

"Alikuwa anajua."

Mtoto akatikisa kichwa kwa huruma. Mimi nilikuwa nikimwaza Yuda pale kwenye kiti, mguu wake mkononi mwa Bwana ambaye yeye amemuuza, hana pa kukimbilia.

Nikaenda kwa padri. Nikamwomba mwaka huu watoto waoshe miguu, kila mmoja ya mtu waliyekosana naye, na mwalimu wao atangulie kuwaonyesha. Padri akafurahi, akasema huo ndio Ukristo wenyewe. Sikumbishia.

Siku ilipofika kanisa lilijaa. Nilibeba beseni langu, nikapita benchi baada ya benchi, nikapiga magoti mbele ya jirani yangu. Akikataa, amemkatalia Bwana mbele ya padri. Akikubali, amejitangaza mwongo, maana nani atampa muoi, mchawi, mguu wake aushike?

Mjukuu wake ndiye aliyemaliza kesi. "Susu," akamwambia bibi yake, "vua kiatu, ticha anangoja."

Akavua. Niliuosha mguu wake polepole, kidole kwa kidole, hadi vumbi lote likabaki ndani ya maji yangu, kisha nikaufuta kwa leso yangu nzuri. Watoto nao wakaanza kuoshana, wakirushiana maji na kucheka.

Misa ilipokwisha nilijitwika beseni nikaelekea nyumbani. Jirani akanikimbilia, kiatu kimoja mkononi.

"Mwaga hapo! Si umwage tu hapo nje!"

"Mama, mvua haijanyesha. Kwetu hapa nani anamwaga maji?"

Hata yeye maji ya kuogea huyapeleka kwenye sukuma wiki. Yangu niliyapeleka kwenye mpapai wa uani kwangu, watu wakiona.

Jumapili iliyofuata mafua yalikuwa yamekwisha, benchi zikajaa. Ungedhani ningetosheka. Mpapai ulipozaa, nilichuma papai la kwanza nikampelekea, nikamwambia limetoka kwenye mti upi. Nikalikata mbele ya mjukuu wake, nikaketi, nikangoja hadi akameza kipande cha mwisho.