Tyuna Nyuma ya Mgongo Wangu

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Karakana ya bunduki ilikuwa mtaa wa Ghala, huku Uarabuni, katikati ya magereji, na harufu ya mafuta ya magari ikiingia mpaka kwenye chai. Mimi kijana niliyezaliwa Tabora, Kiarabu changu cha kubabaisha, nilisimama mlangoni nikingoja kuambiwa. Mkuu wa Karakana, mzee mfupi aliyelelewa Unguja, alinitazama kuanzia kofia mpaka viatu, kisha akanirushia kitambaa.

"Leo utafuta," akasema. "Na kesho utafuta. Siku ntakayokuona huna haraka, ntakupa bisibisi."

Nilifuta mitutu mpaka nikaiota. Nyinyi vijana mnaoingia kwenye ufundi wa bunduki za shabaha leo mnapewa kompyuta kabla ya kitambaa, na siwaonei wivu, lakini jueni kwamba kitambaa ndicho kilichonifundisha mtutu. Risasi inapotoka, mtutu mzima hutetema, kama bakora ukiipiga ukutani. Mdomo wake unapanda na kushuka kwa kiasi ambacho jicho halikioni. Kazi ya fundi ni kufanya kila risasi itoke mdomo ukiwa palepale ulipokuwa kwa risasi iliyotangulia. Ukishindwa, matundu kwenye karatasi yanatawanyika, na mpigaji analaumiwa kwa kosa lisilo lake.

Zamani tulikuwa na njia moja, kupima baruti. Tulijaza maganda ya risasi wenyewe, kila fungu na kiasi chake kilichopimwa kwa mzani mdogo, tukapiga kila fungu kwenye karatasi yake na kuangalia lipi limekusanya matundu vizuri. Tyuna ilikuja baadaye sana. Ni pete nzito ya chuma inayofungwa kwenye mdomo wa mtutu, ina namba pembeni, na ukiizungusha inasogea mbele au nyuma. Inakwenda kwa meno, kila jino namba moja, na kila jino lina mlio wake mdogo, tik. Ukishapata baruti inayoifaa bunduki, unaitafutia namba yake ya tyuna, na mtutu unatulia.

Mkuu wa Karakana alikuwa na mkono wa birika. Kwa kila jaribio alitugawia risasi tatu, hazizidi.

"Tatu zinatosha," alikuwa akisema. "Ya nne ni ya kujifurahisha."

Nilibeba neno hilo kama hirizi. Nilipohamishiwa uwanja wa shabaha, nje ya mji chini ya majabali, kuwa chini ya Afisa wa Uwanja, nilipiga tatu. Afisa yule alikuwa askari mstaafu mwenye sauti ya kufukuza mbuzi, na aliwahi kuniuliza, "Fundi, una hakika gani na tatu?" Nikamjibu kwamba ndivyo nilivyofunzwa. Hakuuliza tena. Nilipokuwa fundi mkuu chini ya Meneja wa Timu, tyuna zilipokuwa zimeingia, nilipiga tatu kwa kila namba vilevile, nikachagua karatasi yenye matundu yaliyokaribiana, nikatangaza namba. Wapigaji wote walipokea kwa mikono miwili. "Mashallah, ami, imekaa sawa." Nikarudi nyumbani Al Khuwair nimejaa kama kaimati.

Sasa najua kwamba matundu matatu yakikaribiana ni kama watu watatu waliokutana mlangoni. Pengine ni ndugu, pengine wamekutana tu. Ungoje waje wengine ndipo ujue.

Miaka ile masikio yangu yalikuwa yameshakufa kwa milio ya bunduki. Mlio wa tyuna niliujua kwa vidole tu. Siku chache kabla sijastaafu, mke wangu Zuwena alichoka kupiga kelele ndani ya nyumba, akanipeleka kwa daktari, nikapewa mashine mbili ndogo za kuvaa masikioni. Niliona aibu kuzivaa. Fundi mzima, mwenye kumwambia kila mtu afunike masikio! Nikafunga kilemba changu chini kidogo kuliko desturi, nikazificha humo, na uwanjani hakuna aliyejua.

Siku yangu ya mwisho kazini iliangukia siku ya mchujo wa timu ya kwenda nje. Ilikuwa imebaki nafasi moja. Ruqayya, karani wa ofisi moja palepale Al Khuwair na binti wa jirani yangu, alikuwa ameikosa mara mbili, na baba yake alishamwambia kwamba akiikosa ya tatu, bunduki itauzwa na yeye atulie. Mtoto yule alikuwa akifanya mazoezi kila anapotoka kazini, anapiga karatasi kwa karatasi mpaka bega linavimba. Wiki moja kabla alinijia, macho chini.

"Ami Nassor, samahani. Kwenye namba kumi na nne naona inanikalia vizuri zaidi."

Nikacheka. "Mwanangu, tyuna si redio, ukazungusha mpaka upate nyimbo. Bunduki yako ni ishirini. Nimeipima."

"Hewalla, ami," akasema, na akanishukuru.

Asubuhi ya mchujo niliichukua bunduki yake, nikazungusha tyuna mpaka ishirini. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliusikia mlio wake. Tik, tik, tik. Nilifurahi karibu nilie. Nikamkabidhi, akanambia imekaa sawa, nikampa mgongo nikainama kuokota mkoba wangu.

Ndipo nikasikia nyuma yangu: tik. Tik. Tik. Tik.

Nilibaki nimeinama. Damu yote ilinipanda usoni. Kutoka ishirini hadi kumi na nne ni meno sita, na mimi nilikuwa nimesikia manne. Msimamizi wa mchujo alikuwa ameita wapigaji wasogee kwenye mstari, na Ruqayya, kwa kuogopa nisigeuke nikamwona, alikuwa ameondoa mkono haraka. Nilijua hatasogeza tena. Mbele yangu asingethubutu, na akishalala kwenye mstari mimi ningekuwa nimesimama juu yake. Angepiga kwenye namba isiyo yangu wala yake, na nafasi ingekwenda.

Wallahi nilitamani mashine zile ziwe zimekufa betri. Ningenyamaza, ningestaafu na jina langu, na yeye angesema ilikuwa kudura. Niliinuka.

"Ruqayya."

"Labeka, ami."

"Umerudisha meno manne. Bado mawili."

Alinitazama kama aliyefumaniwa. Wapigaji wenzake, watu watano au sita, wakageuka. Nikakisukuma kilemba juu, nikawaonyesha sikio langu na kile kidude.

"Nnasikia siku hizi," nikasema. "Rudisha mawili, mwanangu. Kumi na nne. Namba yako."

"Nisamehe, ami. Sikutaka kukuvunjia..."

"Geuza! Wanakungoja."

Akageuza. Tik, tik. Nikawageukia wengine nikitaka kusema neno la kucheka, ili tuondokane na yale mambo. Hakuna aliyeniangalia. Said, ambaye nimemtengenezea bunduki tangu hajaota ndevu, alikuwa anatazama viatu vyake. Mwengine alikuwa ameziba tyuna yake kwa kiganja, kama mtoto anayeficha kitumbua.

"Na nyinyi?" nikauliza.

Said akainama kufunga kamba za viatu zilizokwisha fungwa, na kwa hilo nilijibiwa. Miaka yote ile, kila nikigeuka, walikuwa wakirudisha namba zao. Hawakuwa hata na haja ya kujificha vizuri, maana mzee hasikii. Na ushindi wote nilioutangazia watu mpaka kijijini Yiti kwa shemeji zangu, nikiuita wa mkono wangu, ulikuwa wa mikono yao, baada ya kuzifuta namba zangu. Hapo nilimkumbuka Mkuu wangu wa Karakana, aliyependa kuipaka mitutu mafuta mengi, na mimi nangoja ageuke niyafute. Jambo hilo nilikuwa nikiliita adabu. Mkuki kwa nguruwe.

Ruqayya alipiga siku ile mpaka majaji wakaja kuitazama karatasi yake kwa karibu. Nafasi akaipata. Baba yake alinikumbatia akalia begani pangu, akaniombea dua ndefu, na mimi sikuwa na pa kuuweka uso.

Mchana, chini ya hema, kwa halwa na kahawa, Meneja wa Timu akasimama kuniaga. Yeye asubuhi alikuwa mezani kwa majaji, hakusikia kitu. Akasema kwamba mpaka siku ya mwisho fundi Nassor amewapa namba ya ushindi.

Nikasimama. "Si yangu. Namba ni ya Ruqayya. Yangu ingemkosesha."

Watu wakacheka kwa mapenzi. "Mnaona?" akasema Meneja. "Huu ndio unyenyekevu wa wazee wetu!" Wakapiga makofi, na waliopiga kwa nguvu zaidi kuliko wote ni wale waliokuwepo asubuhi. Said alipiga mpaka kahawa yake ikamwagika. Nilikaa nikala halwa, na sikumbuki utamu wake.

Sasa nimestaafu. Bado naitwa uwanjani siku za mazoezi, na bado vijana wananiletea bunduki nizipime, maana kutoniletea kungekuwa kunikosea heshima. Nawaambia wapige kumi, wapige ishirini, karatasi zao zina akili kuliko mimi. Nawaambia wageuze tyuna mbele yangu, sina neno. "Hasha, ami!" wanasema. Hata Ruqayya, ambaye sasa amethubutu, hugeuza mbele yangu lakini hufunika mkono kwa shela.

Basi nimepata njia moja tu. Nikishawakabidhi bunduki, nazitoa mashine masikioni, naziweka juu ya meza kila mtu azione, nageukia majabali. Uso unanichoma hata leo. Nasimama hivyo, sisikii kitu, mpaka mmoja wao aje anigonge bega, anielekee nimsome midomo: "Mashallah, ami, imekaa sawa."

Nami namjibu alhamdulillahi.