Dungu Moja kwa Watu Wawili

Kosa langu la kwanza katika ufundi lilikuwa kuwajengea wazee wawili dungu moja. Dungu, kwa ambaye hajalima mpunga, ni kichanja kirefu cha miti kinachosimamishwa shambani, na mtu hukaa juu yake kufukuza ndege. Dungu lenyewe lilikuwa zuri. Nasema kwa aibu, lakini nasema: mpaka leo sijajenga jingine lililonyooka kama lile.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, katika kijiji kimoja kando ya mto Tana, jirani na kile cha Wema. Nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Ufundi sikufundishwa na mtu. Nilivibomoa viti vya marehemu baba kimoja baada ya kingine nione vimeungwaje, na mama akawa anakaa mkekani miezi mitatu. Nikipigilia msumari nikauona umelala kidogo, niliung'oa. Kuna mlango wa choo niliouweka na kuutoa mara sita, hata mwenye choo akazoea kuimba akiwa ndani ili watu wajue yumo.

Wale wazee, mume na mke, walikuwa jirani zetu. Shamba lao la mpunga lilikuwa bondeni, karibu na maji, na lilikuwa na madungu mawili mabovu, moja kila upande. Babu alikaa upande wa juu, bibi upande wa chini, kila mmoja na kombeo lake na rundo la madonge ya udongo. Ndege waliofukuzwa kwa babu walikimbilia kwa bibi, na wa bibi wakarudi kwa babu. Basi tangu jua linapochomoza walipigiana kelele, na sisi wa mashamba mengine tukajua habari zote za nyumba yao.

"Bi harusi!" babu alipaza sauti. Alimwita hivyo ingawa walikuwa na wajukuu wenye ndevu. "Wageni wako hao! Wakaribishe!"

"Nimewaona zamani! Wewe mpaka ndege akutue puani ndipo umwone!"

"Jana walitua kwako!"

"Walitua kwako, mwongo! Ndiyo maana ulipika wewe, na mbwa akakataa kula!"

Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yao: atakayeacha ndege watue atapika jioni. Babu alipika mara nyingi.

Mwaka ule goti la bibi lilivimba. Dungu lake lilikuwa na vijiti vya kukwea, vimeachana sana, na hakuviweza tena. Mpunga ulikuwa umeanza kutia maziwa, wakati ambao ndege wadogo waitwao kwelea huja kwa makundi kama moshi. Mpunga ule ulikuwa chakula chao cha mwaka mzima. Ukiliwa, wangelazimika kwenda kula kwa watoto wao, jambo ambalo babu alilitaja kama mtu anavyotaja jela.

Nikajitolea kabla sijaombwa. Nilichora kwenye karatasi dungu moja refu katikati ya shamba, na kamba nane kutoka juu kwenda kila upande, zimetundikwa makopo yenye kokoto. Mtu mmoja anavuta, makopo yanalia, ndege wanakimbia. Bibi apumzike nyumbani. Bibi mwenyewe sikumwuliza. Babu nilimwonyesha mchoro, naye akaugeuza juu chini, akasema, "Buibui mzuri sana, fundi."

Makopo niliyafuata mjini Garsen. Mwenye duka, Msomali mcheshi, alinitazama sana. "Makopo tupu wewe nataka, iliyojaa hutaki? Hii biashara gani, fundi?" Lakini alinipa gunia zima.

Nilijenga siku nne, nikipima kila nguzo kwa timazi nione imesimama wima. Siku ya kwanza babu alipovuta kamba, ndege waliruka wote kwa pamoja. Watu walikuja kutazama. Nilijifanya nimeshughulika na fundo la kamba ili wasione ninavyocheka.

Siku ya tatu, asubuhi, nilipita pale nikasikia kimya. Dungu lilikuwa tupu. Kwelea walikuwa wameifunika pembe ya chini, mpaka mabua yameinama kwa uzito wao. Nikapanda mbio, nikavuta kamba zote nane mara moja, zikajisokota zikawa kamba moja. Nikashuka nikawarushia ndege viatu vyangu, vyote viwili. Walipoondoka, nikaenda peku kumtafuta babu.

Nilimkuta katikati ya njia ya nyumbani kwao, ameketi na bibi juu ya mtumbwi mbovu uliopinduliwa. Walikuwa wanakula ndizi.

"Babu, shamba halina mtu!"

"Nimetoka kidogo kumtazama huyu. Huko nyumbani kimya sana, nikadhani ameanguka."

"Na mimi nilikuwa nakwenda kumtazama yeye," bibi akasema, akilinyoosha goti lake. "Nasikia makopo tu. Nitajuaje kama anayevuta ni mtu au ni upepo?"

"Ningesema na nani? Na kopo?"

"Kopo lingekujibu kwa adabu."

"Ndiyo maana silitaki."

Masikio yaliniwaka. Na nakiri, wazo langu la kwanza lilikuwa kuongeza kamba ya tisa, ndefu, mpaka nyumbani kwa bibi. Nilikwisha anza kuukadiria urefu wa kamba hiyo, bibi aliponishika mkono.

"Mwanangu, hukuniuliza. Mikono ninayo. Macho ninayo. Mdomo, mwulize huyu. Lililokataa ni goti moja, nawe umenifungia nyumbani mzima mzima."

 Nilimwomba anionyeshe mguu wake unainuka kiasi gani. Akasimama, akamshika babu bega, akauinua. Shubiri moja, si zaidi.

Siku ile ile nilililaza dungu langu zuri na kwa miti yake nikatengeneza upya dungu la upande wa chini. Nililiwekea vidato vya shubiri moja moja, vipana, kumi na vinne, na ngazi ikawa ndefu kupita dungu lenyewe.

"Hii ni ngazi," babu akauliza, "au ni barabara ya Garsen?"

Kesho yake asubuhi niliona kidato cha tano kimepinda. Nilikishika nikitoe, lakini mguu wa bibi ulikuwa umeshakifikia.

"Toka njiani, fundi. Ndege hawangoji timazi."

Alipanda akipumzika kila kidato. Babu, aliyekuwa amerudi kwenye dungu lake la zamani, alimtazama kidato kwa kidato. Bibi alipofika juu alikaa, akavuta pumzi, akatia donge kwenye kombeo.

"We mzee! Umelala?"

"Nakungoja, bi harusi! Pembe yako imeliwa yote! Leo unapika!"

"Imeliwa sipo! Haihesabiwi!"

Waliibishania pembe ile hadi jua likawa utosini, na hakuna ndege aliyetua. Kwa kelele zile hata mimi ningehama.

Pembe ya chini ilitoa mabua matupu, lakini kwingine kote walivuna. Hawakwenda kula kwa watoto wao mwaka ule, wala mwaka wowote uliofuata, mpaka walipofariki, kwanza yeye bibi, kisha babu kabla ya msimu kuisha. Mimi siku hizi sichori kitu kabla sijakaa siku nzima na watu wenyewe mahali wanapofanyia kazi, nikawauliza wanataka nini, nikanyamaza wakinijibu.