Nguzo ya Jiko Iliyokataa Kufa

Siku zetu, wenzangu, hata nguzo ya nyumba iliweza kutoa majani. Watoto wa leo wakisikia hivyo wanacheka, maana wamezaliwa kati ya matofali. Wacheke. Mimi jina langu Mulumba, na nguzo ninayoisema ni ndugu yangu.

Ilikuwa hivi. Baba alimjengea mama jiko kwenye lupango letu, kiwanja cha nyumba yetu, kando ya barabara ya Kasongo kwenda Kabambare. Wenye akili hukausha nguzo kwanza, wanaiunguza mguu kwa moto, ndipo wanaichimbia. Baba alikuwa mtu wa haraka. Nguzo tatu alikuwa nazo kavu. Ya nne ikakosekana, akakata mulumba mbichi, mti ule ambao wazee walipiga gome lake kuwa nguo, akausimamisha palepale. Mvua ikanyesha, nguzo ikachipuka. Na juma hilohilo mama akanizaa.

Kwetu nguzo ikichipuka haing'olewi, na mtoto wa juma hilo anabeba jina lake. Nyanya, mama yake baba, akatangaza kwamba sisi wawili tutakua pamoja, na mmoja akikauka, wa pili naye.

Basi, mwenzangu alikua, mimi nikabaki. Kabla ya kwenda shule dada yangu Feza alinisimamisha kwenye nguzo na kunipima kwa kiganja. "Mulumba wa majani anagusa mbingu. Mulumba wa bugali iko wapi?" Na bugali nilikula! Mihogo ya kuchoma nayo, mawese yakitiririka mpaka kwenye kiwiko. Tulicheza mpira wa majani makavu ya migomba hadi giza, tukapanda mulumba ule tukarushiana tini zake mbichi. Kurefuka, hapana.

Matawi yakaanza kusukuma paa la jiko juu. Mvua ikapita, moto ukazimika, sombe, majani yetu ya mihogo, ikawa supu. Siku moja mama akatoka na moshi machoni.

"Baba Mulumba, chagua: muti ao mimi bibi yako."

Baba akachukua shoka. Nyanya akajiburuta na kigoda chake, akakaa mbele ya mti.

"Ukimukata huyu, umemukata mutoto."

"Mama, hii ni nguzo!"

"Nguzo inatoa majani?"

"Yangu imetoa."

"Basi si nguzo."

Mimi nilikuwa nimeukumbatia mti, nalia, makamasi mpaka kwenye gome. Niliamini kabisa kwamba shoka likiingia, miguu yangu itakauka siku hiyo. Feza, aliyenicheka miaka yote, akanishika shati. Naye alikuwa analia.

"Tokeni," baba akasema. "Ninaanza na paa."

Akaegemeza ngazi kwenye nguzo kavu ya upande wa pili, akapanda hadi juu. Hakujua kwamba mchwa walikuwa wamekula nguzo zile tatu ndani, wakaacha ngozi tu. Jiko likainama polepole, kama mzee anayetafuta mahali pa kukaa, likalala chini pamoja na ngazi. Vumbi likatulia. Baba hayuko.

"Baba Mulumba!" mama akalia.

"Niko huku," ikajibu sauti juu.

Alikuwa ananing'inia kwenye tawi la mulumba, suruali imepasuka. Nyanya akainua kichwa.

"Sasa kata," akamwambia.

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Baba aliposhuka, alipasua nguzo za mchwa kuwa kuni, na jiko jipya akalijenga mbali, kwa nguzo kavu, zilizounguzwa vizuri.

Nilirefuka baadaye, msiwe na wasiwasi. Mti bado upo. Wajukuu zangu wanaupanda kutafuta rezo, telefone mkononi. Mmoja aliniuliza kama tini zinaliwa, akiwa na umri ambao sisi tulikuwa tumeshaumwa tumbo kwa sababu ya hizo.

Nyumba yangu ni ya matofali. Niliyafinyanga na kuyachoma mwenyewe, bila diplome, na mchwa wanaipita kwa aibu. Lakini mvua za kwanza zilipoanza kunyesha, mjukuu alizaliwa humo ndani. Mama yake akatafuta jina katika telefone. Mimi nikatoka taratibu, nikazunguka kuta zote nikichungulia kila pembe. Tofali hata moja halikutoa jani.