Mama kabangua korosho kwa tufe langu

Leo kocha wa timu ya taifa kafika nyumbani, Mkunya, kuniona nikirusha tufe. Ndoto ya Olimpiki hiyo, jamani.

Tufe halionekani.

Natafuta uvunguni, mgeni yuko barazani anatafuna korosho na kuzisifu.

"Mama, tufe langu umeliona?"

"Lile dude la chuma? Liko jikoni. Kwani hizo korosho anazokula mgeni nimezibangua kwa meno?"

Nikalichukua hivyo hivyo, limejaa mafuta ya maganda. Kurusha tu, likaniteleza, likatua karibu na miguu yangu. Kuku hata hakushtuka.

Kocha kaondoka na mfuko wa korosho. Namba yangu hajaomba. Ya mama kachukua.

Haya, mpeni mama hongera kwa kuchaguliwa.